Bi Pimbi, Nyegere na Asali Iliyotikisa Ndege

Hadithi inaruka!
Nasi tupandishe!
Mikanda je?
Tumefunga!
Na vinywa?
Hivyo hatufungi!

Haya, basi sikilizeni hivyo hivyo na vinywa wazi, lakini mate yenu msinirushie.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana ndege zilikuwa zimeanza kuruka na chai ilikuwa imeanza kumwagikia watu mapajani, alikuwapo Bi Pimbi wa Majabalini. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia, anakaa juu ya jiwe anaota jua. Nyayo zake zinatoa jasho, na jasho hilo ndilo linalomfanya ashike mwamba asianguke. Bi Pimbi alikuwa na jasho zuri sana. Alikuwa na watoto wanane, wote wameoa na kuolewa, na alikuwa na hofu moja tu duniani: kukaa mahali ambapo chini yake hapana jiwe.

Siku moja akaletewa habari. Binti yake wa mwisho, aliyeolewa ng'ambo ya milima saba, amejifungua mtoto wa kiume.

Sasa, kwa pimbi mtoto hazaliwi na jina. Anazaliwa na njaa tu. Jina linakuja siku ya saba, kabla jua halijatua, bibi mzaa mama anapomlambisha asali iliyotoka kwenye mwamba wa kwao. Kabla ya hapo mtoto anaitwa Huyo. Huyo amelala. Huyo amekojoa. Huyo analia, mchukueni. Na jua la siku ya saba likitua asali haijafika, mama mkwe ndiye anayechagua jina.

Mama mkwe wa binti yake alikuwa ametuma salamu pamoja na habari hiyo. Salamu zenyewe ni hizi: "Mwambieni mkwe asijisumbue. Safari ni ndefu, na mimi nina jina tayari. Mtoto ataitwa Jalala, kama marehemu mume wangu, aliyezaliwa jalalani, akalipenda jalala, akafia hapo hapo."

"Jalala!" Bi Pimbi akaruka juu ya jiwe lake. "Mjukuu wangu aitwe Jalala? Akiitwa aje kula, ataitwaje? Jalala, njoo ule? Aka! Haiwezekani!"

Lakini habari ilifika siku ya sita. Kwa miguu ni mwezi mzima. Kwa ndege ni asubuhi mpaka alasiri.

Bi Pimbi akatazama juu. Juu hapakuwa na jiwe hata moja. Akajaza kibuyu asali, akakiziba kwa gunzi la hindi, na kesho yake alfajiri akaenda uwanja wa ndege.

Wahudumu na marubani wa ndege ile walikuwa ni wale wenye mabawa, maana wao ndio wanaoijua hewa. Rubani alikuwa Mwewe. Mhudumu alikuwa Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, akipita katikati ya viti lazima ainame. Abiria walikuwa ni sisi wengine tulioumbwa kukaa chini. Mbele ya Bi Pimbi alikaa Ngedere na kikapu chake cha ndizi. Nyuma yake alikaa Nungunungu na kifurushi cha mihogo ya kuchoma. Ng'ambo ya ujia alikaa Kobe na fungu la mchicha. Kobe alikuwa amepanda ndege tangu jana, ili awahi.

Na kiti cha pembeni, bega kwa bega na Bi Pimbi, nani alikaa?

Nyegere.

Nyegere hamwogopi simba. Nyegere hamwogopi nyuki. Nyegere hamwogopi hata mkewe, na hapo ndipo watu wanaposema amezidi. Kucha ndefu, shingo nene, ngozi ukiipiga fimbo, inayolia ni fimbo. Alijitupa kitini, puu! Akavuta mkanda, akautazama, akautupa pembeni. "Mkanda ni wa waoga," akasema. Kisha pua yake ikaanza kufanya kazi. Nf, nf, nf. Ikasimama mbele ya kibuyu cha Bi Pimbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kibuyu hicho kina nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Inanukia asali."

"Ni kikohozi kibaya," akasema Bi Pimbi, akakikumbatia.

Ndege ikakimbia, ngurrrrr, ikapaa. Jiwe likabaki chini. Bi Pimbi akafumba macho. Mara, gudugudu! Ndege ikatikisika.

"Kwiiiiii!" akalia Bi Pimbi.

Msimcheke. Kwao Majabalini wenzake wanapokula majani, mmoja hukaa juu ya jiwe refu kuliko yote. Huyo ndiye mlinzi. Mlinzi akitafuna, nao wanatafuna. Mlinzi akilia kwiiii, hakuna anayeuliza kuna nini. Kila mmoja anatumbukia kwenye shimo lililo karibu. Basi Bi Pimbi alilia mwenyewe, akatumbukia mwenyewe kwenye shimo lililo karibu, yaani ule mfuko wa nyuma ya kiti cha Ngedere, penye karatasi za kutapikia.

Nyegere akacheka mpaka kiti kikalia. "Bibi, kichwa umekificha. Matako umemwachia nani?"

Korongo akaja na toroli la chai. Akainamisha shingo. "Bibi yangu, rudisha kichwa. Ni hewa tu hiyo. Hewa nayo ina mabonde na vilima, kama njia ya huko chini. Tunapita juu ya kilima, basi."

"Na mlinzi wa humu ndani ni nani?" akauliza Bi Pimbi kutoka mfukoni.

"Mlinzi wa nini?"

"Wa kutazama! Nitajuaje kama nitafune au nijifiche?"

Korongo akafikiri kidogo. "Basi nitazame mimi. Ukiniona namimina chai, ujue ni mtikisiko wa kawaida. Ukiniona nimefunga toroli, nimekaa na kujifunga mkanda, ujue mkubwa unakuja, nao utapita. Ukiniona nafungua mkanda, umekwisha."

Bi Pimbi akatoa kichwa. Tangu hapo macho yake hayakutoka kwa Korongo. Ndege ikitikisika, anaimba kimoyomoyo:

Mlinzi amimina, nami napumua.
Mlinzi amimina, nami napumua.

Nyayo zilikuwa zimelowa jasho mpaka zinanata kwenye zulia. Lakini kichwa kilibaki nje.

Sasa tazameni aliyekuwa na kazi nyingine. Ndege ikatikisika tena, gudugudu. Nyegere akasimama juu ya kiti. "Ndizi!" akanguruma. "Ndege haitaki ndizi! Nani ana ndizi?"

Ngedere akainua mkono. "Mimi, kaka."

"Unataka kutuua?"

"La, kaka!"

"Lete!"

Ngedere akatoa kikapu. Nyegere akala, nyamu nyamu, nyingine akazitia kwenye gunia lake. Ndege ikatulia. "Mmeona?" akasema. Abiria wakaguna: kweli, imetulia!

Ikatikisika tena, gudugudu. "Mchicha! Ndege haitaki mchicha!" Kobe akaanza kuingiza kichwa ndani, lakini kabla kichwa hakijafika, mchicha ulikuwa umekwisha ondoka. Nyamu nyamu, kidogo guniani. Ndege ikatulia. "Mmeona?"

Ikatikisika tena, gudugudu. "Mihogo! Ndege haitaki mihogo!" Nungunungu akakitoa kifurushi, lakini alikuwa amekifunga kwa fundo la kikwao. Nyegere akavuta fundo, akang'ata fundo, akalitukana fundo. Ndege ikatulia, fundo halijafunguka.

"Imetulia," akasema Bi Pimbi. "Na mihogo hujaila."

Nyegere akamtolea jicho. Fundo likafunguka. Akala, iliyobaki akaitia guniani.

"Sasa mbona unakula, mwanangu?"

"Nakula ya akiba, bibi. Ya mtikisiko wa kurudi."

Bi Pimbi alikuwa ameona jambo. Mara zote tatu Korongo alikuwa anamimina chai. Ndizi hazikuwa na neno, mchicha haukuwa na neno, mihogo haikuwa na neno. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa pembeni ya kucha ndefu vile ni kitu kingine.

Nyegere akapangusa mdomo. Akamwinamia, na sauti akaishusha ikawa tamu. "Bibi, unajua mtikisiko ujao ni wa nini?"

"Wa nini?"

"Wa dawa ya kikohozi."

"Mwanangu, hii asali si ya kula! Ni ya jina la mjukuu wangu. Leo ni siku ya saba. Isipofika ataitwa Jalala!"

"Heri Jalala aliye na bibi," akasema Nyegere, "kuliko mwenye jina zuri na bibi kaanguka." Akasimama. "Jamani! Huyu bibi ana asali!"

"Asali!" Ngedere akapiga ukelele. "Ndiyo maana! Toa, bibi!"

"Sisi tumetoa vyetu," akasema Nungunungu, miiba imesimama. "Nawe toa, utatuua!"

"Toa," akasema Kobe kutoka ndani.

Maskini Bi Pimbi! Kulia kwake Nyegere, kushoto kwake dirisha, na nje ya dirisha hapana jiwe. Akageuka kumtazama mlinzi.

Ting! Kengele ikalia huko mbele. Korongo akainua shingo. Akafunika birika. Akafunga toroli, klak. Akakaa kwenye kile kiti chake kidogo, akakunja miguu mara tatu, akavuta mkanda, klik.

Moyo wa Bi Pimbi ukaanguka mpaka kwenye nyayo. Mkubwa unakuja. Akataka kulia kwiiii, na mfuko wa kiti ulikuwa pale pale unamwita. Lakini akafikiri: huyu Nyegere anangoja ndege itikisike ndipo aseme. Mimi ninajua kabla.

Akavuta mkanda wake ukakaza. Akaupangusa unyayo mmoja, akamnyooshea kibuyu.

"Chukua, mwanangu."

Nyegere akashangaa. "Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ila mimi ni mtu mzima, siwezi kukuficha. Hii asali ina hasira. Inamngoja mtoto wake. Akiinusa mtu asiyealikwa, inatikisa kila kilichoibeba. Majabalini kuna mjomba wangu aliinusa, mwamba ukamrusha mpaka leo hatujampata. Lakini wewe si mwoga. Nusa."

"Ha!" akasema Nyegere. "Mimi nimekula asali na nyuki wake ndani." Akang'oa gunzi, akaingiza pua. Nffff!

GUDUGUDUGUDU! GUDUGUDU! Ndege ikazama kama jiwe kisimani. Waliofunga mikanda wakabaki vitini. Nyegere, ambaye mkanda ni wa waoga, akapaa na ndizi zake na mchicha wake na mihogo yake tumboni, pu! kichwa kwenye dari. Akarudi, puu! matako sakafuni.

Bi Pimbi alikuwa amekidaka kibuyu kwa zile nyayo zenye jasho. Hakikuteleza. Akaziba kwa gunzi, polepole, kama mtu anayefunika chungu jikoni kwake.

"Nimeinusa tu!" akalia Nyegere. "Mara moja tu! Iambie iache!"

Bi Pimbi akamtazama Korongo. Mkanda bado umefungwa.

"Bado," akasema. "Inauliza gunia lako lina nini."

"Lina ndizi!"

"Za nani?"

"Za Ngedere!"

"Basi rudisha! Ndege haitaki ndizi za watu!"

Nyegere akatambaa na ndizi, gudugudu, akampa Ngedere. Bi Pimbi akatazama. Mkanda bado.

"Ndege haitaki mchicha wa watu!"

Akatambaa na mchicha, gudugudu, akamwingizia Kobe kule kule ndani. Mkanda bado.

"Ndege haitaki mihogo ya watu!"

Akatambaa na mihogo, gudugudu, akamrudishia Nungunungu, akachomwa mwiba puani, akasema asante. Mkanda bado!

Gunia likawa tupu. Ndege ikaruka, ikalalia ubavu, ikainuka. Huko mbele vikombe vikavunjika, chali, chali, chali.

"Sasa inataka nini?" wakalia wote. "Bibi, inataka nini?"

Hapo Bi Pimbi uongo ulikuwa umemwishia kama unga kwenye gunia. Hofu yote aliyoikalia tangu asubuhi ikapanda, ikafika kooni, ikapanua mdomo wake iwe kwiiii. Akaukaza mdomo. Akavuta hewa kwa pua, akaishusha kwa mdomo. Ilimsaidia, kama punje moja hivi. Akavuta tena.

"Inataka hivi," akasema. "Wote. Vuta... shusha. Nyegere, kaa kitini, funga mkanda, shika kibuyu kwa mikono miwili. Kwa pua usivute, vuta kwa mdomo. Haya! Vuta..."

"Hhhhh," wakavuta.

"Shusha..."

"Fuuuu," wakashusha.

Vuta, hhhhh. Shusha, fuuuu. Gudugudu. Vuta, hhhhh. Shusha, fuuuu. Gudu. Ndege nzima ikawa inapumua kama mgonjwa mmoja mkubwa anayepata nafuu. Nyegere alikuwa amefumba macho, amekibeba kibuyu kama yai la mbuni. Bi Pimbi yeye hakufumba. Alimtazama Korongo. Akauona ukucha wake ukigusa mkanda. Klik!

"Basi!" akapaza sauti. "Nyamaza!"

Na ndege ikanyamaza.

Jamani, ilinyamaza! Hata mie sikuamini, ila nimeambiwa na Ngedere, na Ngedere hasemi uongo mpaka afungue mdomo. Abiria wakapiga makofi. Kobe akatoa kichwa, akauliza kama imeshapaa.

Safari iliyobaki ikawa shwari. Nyegere hakukiachia kibuyu.

"Bibi," akanong'ona, "nikikohoa?"

"Kohoa upande wa pili, mwanangu."

"Na nikiota asali?"

"Usilale."

Ndege ikashuka. Magurudumu yakagonga ardhi, dundu! Nyegere akaruka ndani ya mkanda wake. "Sijanusa! Wallahi sijanusa!"

Wakashuka. Mlangoni alisimama Korongo, anaaga watu. Alipomwona Bi Pimbi akamshika mkono, akamvuta pembeni, akainamisha ile shingo mpaka sikioni.

"Bibi yangu, leo umeniokoa."

"Mimi?"

"Mtikisiko ule sijawahi kuuona tangu nianze kazi. Nilikuwa nimekwisha kusema kalima, kama anayekata roho. Kisha nikakuona wewe unaziba kile kibuyu taratibu, unapumua taratibu, na macho makavu unanitazama mimi. Nikasema, kama bibi huyu haogopi, kuna nini cha kuogopa? Rubani hakunigongea kengele wala nini. Nilifungua mkanda kwa kukutazama wewe."

Bi Pimbi akaitazama ile ndege, akalitazama lile anga lote ambalo chini yake hapana jiwe, akahesabu walinzi waliokuwamo, akakuta hakuna hata mmoja.

"Kwiiiiii!" akalia, akaanguka chini, tii.

Nyegere ndiye aliyembeba. Bibi mgongoni, kibuyu mbele, pua ameielekeza kando, mbio mpaka mlangoni kwa binti. Jua lilikuwa limebaki kimo cha kidole. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa kanga mpya, amemshika mtoto, amefungua mdomo: "Leo namwita Ja..."

"Hodi!"

Bi Pimbi akazinduka, akachovya kidole, akamlambisha mtoto asali. Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Mtoto akalamba, akafumbua jicho moja.

"Mwiteni Gudugudu," akasema Bi Pimbi.

"Gudugudu?" Mama mkwe akakunja pua. "Hilo ni jina au ni ugonjwa wa tumbo?"

"Vyote viwili, mkwe wangu. Ila Jalala siyo."

Ndiyo hivyo. Bi Pimbi alikaa kwa binti yake siku arobaini, kisha akarudi Majabalini kwa miguu. Mwezi mzima, jiwe kwa jiwe, milima saba, anaimba. Na Nyegere, ambaye hamwogopi simba, mpaka leo hasogelei asali penye bawa, na akiona kuku anatikisa mbawa, anafunga mkanda.

Funzo la hadithi hii, na mlishike vizuri: msidanganye abiria wenzenu, hasa walio wakubwa kuliko ninyi. Bi Pimbi alidanganya, na mmeona yaliyompata. Alifika salama, asali imejaa, akabebwa mpaka mlangoni. Ni aibu kubwa.

Hadithi imetua, mimi nashuka. Mwenye swali amuulize Kobe. Yuko pale pale, kwenye ngazi ya pili.